Pundamilia wa Kalenda

Walisema mimi na mama yangu tutamwona pundamilia kwenye kalenda tu.

Aliyelisema hilo ni mjomba wangu, kaka yake mama wa tumbo moja, na alilisema mbele ya watu, siku wenzangu wa shule katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, walipopandishwa kwenye lori kwenda kutembelea mbuga na mimi nikabaki. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti chake nikilia. Ukutani mwake ilining'inia kalenda ya kanisa, ya mwaka uliokwisha kupita, yenye picha ya pundamilia aliyesimama ubavu. Mjomba akainyooshea kidole.

"Punda ya mistari ule pale. Umuangalie mupaka ushibe. Weye na mama yako mutamuona kwa kalendari tu."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Aliisogelea ile kalenda, akainama kama anayechungulia uvunguni mwa kitanda, akauliza, "Hii mistari inafika mupaka chini ya tumbo, ao inaishia kwa mbavu?"

Hakuna aliyejua. Picha ilionyesha ubavu peke yake. Nikafuta makamasi, nikamwambia kwamba nikiwa mkubwa nitampeleka akaone mwenyewe. Mjomba alicheka upya mpaka akakohoa.

Sisemi haya ili nihurumiwe. Nayasema ili ijulikane nilipoanzia, maana siku hizi watu wakiona gari langu hudhani nimepewa na shirika.

Mjomba hakuwa peke yake. Mwalimu mmoja alisema mtoto wa mkimbizi akijua kuhesabu vikombe vya mahindi siku ya posho, elimu hiyo inamtosha. Jirani alisema nikienda Nairobi nitarudi na kikohozi. Nilikwenda. Nililinda duka la friji mbovu na kulala humo humo, nikajifunza kuzifungua kabla sijajua sehemu zake zinaitwaje, kisha nikaingia chuo, nikatoka na diploma ya ufundi wa majokofu na viyoyozi. Nasema diploma, sisemi cheti cha semina. Mtu mwingine angebaki Nairobi. Mimi nilirudi. Karakana yangu iko Nyamityobora, Mbarara mjini, na diploma iko ukutani ndani ya kioo, mahali ambapo mteja akiingia ndiyo inayomsalimu kwanza. Matangi ya kupozea maziwa ya wafugaji wa Endiinzi yakigoma, naitwa mimi. Friji za kambi ya jeshi zikizima, naitwa mimi. Ukinywa soda baridi Mbarara, uliza kwanza ni nani aliyeifanya iwe baridi.

Mama alikataa kuhamia kwangu mjini. Alibaki Nakivale na dada yangu mdogo, akilima maharage. Kisha majina yao yakatoka: walikuwa wanapelekwa kuishi ng'ambo, katika nchi ya baridi. Langu halikuwemo, kwa sababu wakati wa mahojiano nilikuwa Nairobi nikisoma. Watu walinipa pole. Sikutaka pole ya mtu. Ng'ambo nikafanye nini, nikapoze theluji?

Lakini ahadi ilikuwa palepale, na ndege haingojei mtu. Mama angepanda bila kumwona pundamilia, maneno ya mjomba yangekuwa kweli mpaka mwisho wa dunia, na mjomba angeyarudia kwenye kila msiba na kila arusi. Nikaapa kwamba Jumamosi ya mwisho kabla ya safari yake nitampeleka mbugani, ndani ya gari langu, ndani ya baridi niliyoitengeneza mwenyewe.

Gari lenyewe ni lile ninalobebea friji. Nililirudishia viti, nikalifungia kiyoyozi kwa mikono yangu, nikakijaribu barabara ya Biharwe mpaka vioo vikaloa umande. Nilimnunulia mama gauni, viatu, kofia pana ya jua na termosi ya chai. Vyote vipya, kutoka dukani. Mtumba sikuugusa.

Asubuhi ya safari nilifika Nakivale jua likiwa bado changa, nikamkuta mama amesimama mlangoni amevaa vitu vya watu.

Kikwembe, yaani kitenge, alichojifunga kilikuwa cha mama mmoja mwimbishaji wa kwaya. Viatu vilikuwa vya mjane anayeuza ndagala, dagaa wa kwetu, sokoni, na vilimpwaya hadi akawa anatembea kama bata. Mkono mmoja ulishika mwavuli wa mchungaji, mwingine termosi ya jirani yake Mrundi. Na juu ya yote hayo, katika kiangazi kile ambacho hata mbuzi walikuwa wakigombania kivuli cha choo, alivaa koti la mjomba. Koti jeusi la sufu, zito kama godoro lililonyeshewa, ambalo mjomba alilivaa siku walipokimbia Kivu ya Kusini na hajawahi kuliacha Jumapili yoyote tangu hapo.

"Mama, vitu nilivyokununulia viko wapi?"

"Biko ndani ya valizi," akasema, akinionyesha sanduku lake la safari. "Ni bizuri sana, mutoto yangu."

"Na hivi?"

"Hibi nimeazima."

"Unaazima kwa nini na mimi nipo? Watu watasema nini? Kwamba mtoto ana karakana mjini, mama anavaa viatu vya muuza ndagala?"

"Baache baseme. Mutu akienda mbali anaazima. Ni vile tulifanyaka kwetu."

"Mbali ni wiki ijayo! Leo tunakwenda mbugani na jioni tunarudi."

"Basi leo ninaanza."

"Na koti, kwa jua hili?"

"Si ulisema gari yako iko na baridi sawa ya kule ninaenda? Ninaijaribu."

Dada yangu akageuka pembeni kuficha kicheko. Kabla sijajibu, wakaanza kufika.

Kila aliyeazimisha kitu alikuja kukisindikiza. Mama mwimbishaji alikuja kuona kikwembe chake kimefungwa vizuri, akakifungua na kukifunga upya, akapanda garini. Mjane alikuja kuviona viatu vyake, naye akapanda. Mrundi hakuweza kuja, akamtuma wifi yake aandamane na termosi. Mchungaji alikuja na mke wake. Mjomba alifika wa mwisho, kaoga, kachana nywele, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha mbele nilichomwekea mama.

"Mujomba," akaniambia, kwa maana kwetu mjomba na mpwa wanaitana jina moja, "koti yangu inaenda, na miye naenda nayo."

"Hujaalikwa."

"Koti imealikwa."

Nikasema sawa, pandeni, twendeni, wanyama hawamsubiri mtu aliyelala. Mama mwimbishaji akanitazama kana kwamba nimetukana. "Tunaenda bila kuomba? Barabara iko na majini mingi, fundi."

Nani angekataa? Tukashuka wote. Aliomba mchungaji. Kisha akaomba mke wa mchungaji, kwa ajili ya magurudumu. Kisha mama mwimbishaji akaanzisha pambio, na pambio la watu wa kwetu halina mahali linapoishia, linachoka lenyewe. Majirani wakasikia, wakaja kupiga makofi. Mjomba naye akataka kuomba, akaomba kuanzia Mwanzo, safina ya Nuhu na wanyama wote walioingia wawili wawili, akiwataja. Nilisimama nimekunja mikono nikiangalia jua linavyopanda. Kila mtu aliyewahi kwenda mbugani anajua kwamba mnyama huonekana asubuhi. Jua likikaza anaingia kichakani. Mimi nilijua. Nililipanga. Nilipopiga honi katikati ya amina, mama alinitazama tu, na mkono wangu ukatoka kwenye honi wenyewe.

Tulipita Mbarara joto likiwa limeshatulia mjini kama mwenye nyumba. Nikamchukua mke wangu kwa wazazi wake Biharwe, akajibana nyuma kati ya mjane na wifi wa Mrundi. Nikawasha kiyoyozi. Kwa muda mfupi lile gari lilikuwa kama nilivyoliota: nje lami inatetemeka, ndani watu wanajifunika vitenge. Mama akafunga vifungo vya koti hadi shingoni.

"Kumbe ni hivi kule," akasema. "Si mubaya."

"Mu hii frigo tutageuka samaki," mjomba akasema, na akafungua dirisha.

"Mjomba, funga dirisha."

"Nipate hewa ya Mungu kidogo."

"Mashine inapoza gari. Haiwezi kuipoza wilaya nzima! Ukifungua, injini inabeba mzigo mara mbili. Nimelisomea jambo hili."

"Na miye nimelipumua."

Garini wote wakacheka, mchungaji akiwa wa kwanza. Nililifunga lile dirisha mwenyewe kwa kunyoosha mkono, gari likayumba, mama mwimbishaji akalia "Yesu!" Mjomba akalifungua tena. Tulikwenda hivyo mpaka langoni.

Langoni karani alizunguka gari lote kabla ya kuja dirishani kwangu. Alitazama vikwembe, akatazama ule mwavuli, akatazama koti.

"Mnatoka Nakivale, ssebo?" akaniuliza, na ssebo ni bwana kwa lugha ya pale.

"Tunatoka Nakivale."

"Na hii gari ni ya shirika gani?"

"Si ya shirika."

"Ya kanisa, basi. Lazima kuko mtu amewasponsa. Mko na barua yao?"

Nimeulizwa mambo mengi maishani. Nimeulizwa kambini, mpakani, chuoni, mlangoni kwa watu niliokwenda kuwatengenezea friji zao. Lakini lile swali, mama akiwa ameketi nyuma yangu na mjomba kando yangu, liliniingia kama mwiba wa samaki kooni. Nikazima injini. Nikashuka.

"Mimi ndiye shirika," nikamwambia. "Hii gari ni yangu. Hii baridi unayoisikia ikitoka mlangoni ni yangu. Yule ni mama yangu. Hatujaletwa. Tumekuja."

Karani akarudi nyuma hatua. "Pole, mzee. Nimeuliza tu."

"Shirika gani hii," mjomba akasema kwa sauti akiwa ndani, "haina hata soda?"

Hata karani akacheka. Nikalipa, nikaingia, nikaupiga mlango kwa nguvu hadi kioo cha pembeni kikalegea.

Ndani ya mbuga hapakuwa na kitu. Namaanisha vilikuwepo vichaka, miiba, vichuguu, na jua lililosimama wima juu ya kila kitu. Swala wachache tuliwaona mbali, wamelala chini ya mgunga, masikio tu ndiyo yaliyokuwa yakicheza. Ngiri mmoja alikatiza barabara mkia juu, mke wa mchungaji akauliza kama ni nguruwe wa serikali. Tulifika ziwani, viboko wakaonyesha pua.

"Hawa nimebakimbia maisha yangu yote kule kwa ziwa Tanganyika," mama akasema. "Leo nilipe ili nibaone?"

Pundamilia hakuwepo. Nilizunguka kila njia iliyoruhusiwa. Askari wa wanyamapori tuliyekutana naye alisema kwa joto lile wameingia ndani ndani, kwamba tungefika asubuhi tungewakuta wamejaa barabarani kama mbuzi. Nilimgeukia mchungaji. Mchungaji akatazama viatu vyake. Nikamgeukia mama mwimbishaji, na Mungu anisamehe, nilisema, "Mmewaimbia hadi wamelala."

"Usiseme vile na mama ya watu," mama akanikemea.

Mjomba alitazama nje kupitia dirisha lake lililofunguliwa, akatikisa kichwa taratibu, halafu akasema, kana kwamba anajisemea, "Kalendari yangu ingali ukutani. Haijaenda fasi yoyote."

Niligeuza gari kwa hasira nikaelekea langoni. Hatukuwa tumekwenda mbali nje ya lango, kwenye ile barabara ya vumbi inayorudi kwenye lami, injini ikaanza kutoa mvuke. Kiyoyozi kikakoroma, kikafa. Baridi yote niliyoitengeneza ikatoka nje kupitia dirisha la mjomba, joto likaingia na kukaa. Nikasimamisha gari pembeni. Gari lile lilitengenezwa kubeba watu, si kanisa zima na pambio zake. Hilo nalisema hadi leo, na fundi yeyote mwenye akili ataniunga mkono.

Watu walishuka wakajipanga kwenye ukanda mwembamba wa kivuli cha gari. Mama alibaki na koti.

"Mama, vua hilo koti. Utaanguka."

"Nikivua nitalisahau fasi."

"Nitalishika mimi!"

"Weye uko na hasira. Mutu ya hasira anasahau."

Jasho lilimtiririka kutoka kwenye kilemba hadi kidevuni. Niliona midomo yake imekauka. Hapo hofu iliingia ndani ya hasira, na vitu hivyo viwili vikichanganyika mtu hawezi kusema neno zuri. Nilimwambia mjomba kwamba mama akizimia hapa, yeye na koti lake watakwenda Nakivale kwa miguu. Mjomba alichukua mwavuli wa mchungaji, akaufungua, akasimama akimkinga dada yake, mgongo wake mwenyewe ukiwa juani.

Likaja gari la wazi, ndani yake mwanajeshi wa kambi ya Mbarara amevaa nguo za kiraia, na mke wake, na watoto, naye akitoka kuitembeza familia. Nilimfahamu, friji yake ilipita mikononi mwangu.

"Fundi!" akaita. "Wewe si ndio wa kupika barafu? Leo umepika chai?"

"Nipe maji, afande. Kejeli utanipa baadaye."

"Maji iko. Chukua jeri yote, utarudisha siku ya kuja kuangalia friji. Imeanza kulia tena usiku, bibi hapana lala."

Akanishushia dumu la maji. Mke wake alimpa mama maji ya kunywa, akambembeleza alegeze vifungo viwili vya koti. Mama akalegeza kimoja. Mimi nikasubiri injini ipoe, maana maji baridi juu ya injini ya moto ni kuipasua. Nilikuwa nimeinama ndani ya boneti, moshi usoni, nikiwalaani wote kwa lugha tatu, niliposikia kengele za ng'ombe.

Wafugaji walikuwa wanaleta ng'ombe wao kwenye bwawa lililo ng'ambo ya barabara, wale ng'ombe wa pembe ndefu. Walipita kwa mamia, vumbi likapanda. Na ndani ya vumbi lile, wamechanganyika na ng'ombe kama watu waliopandia basi wasilolipia, walikuwa pundamilia. Kundi zima. Hawakuwa na haraka. Mchungaji wa ng'ombe aliwasukuma kwa fimbo yake wapishe ndama.

Mama aliniachia termosi mikononi, akavuka barabara. Viatu vya mjane vilimtoka, kimoja halafu kingine, akaviokota akavishika, akaendelea peku kwenye ardhi ile iliyowaka, koti likimpiga magotini. Nilimwita. Mjomba alimkimbilia na mwavuli. Mama alisimama kwenye uzio wa miiba, akainama vilevile alivyoinama mbele ya kalenda.

Pundamilia mmoja alikunywa, akatoka majini, akapiga magoti, akajilaza vumbini na kubingirika, miguu yote minne juu.

"Inafika!" mama akapiga kelele. "Inafika mupaka kwa tumbo! Inazunguka yote!" Akamshika mjomba mkono kwa nguvu, akamtikisa kama mtoto. "Umeona? Inazunguka yote!"

Mke wangu akawapiga picha kwa simu, mama katikati na koti lake, pundamilia nyuma yake wakiinuka vumbini.

Ungetegemea nifurahi. Nilikasirika kuliko asubuhi. Niliwakasirikia pundamilia wenyewe. Nimelipa langoni, nimetukanwa langoni, nimeunguza kiyoyozi, na wao wako nje, barabarani, pamoja na ng'ombe, bure! Na mjomba, ambaye macho yake yalikuwa yamejaa maji, hakuweza kujizuia: "Lakini hapa ni inje ya park. Hii haihesabiwe."

"Weye nyamaza," mama akamwambia bila kugeuka. "Mutoto yangu alisema atanileta. Amenileta."

Hayo ndiyo maneno niliyoyafanyia kazi tangu kizingiti kile. Nikayachukua, nikarudi kwenye injini yangu.

Wiki iliyofuata basi la wasafiri likawachukua mama na dada yangu. Mama alipanda akiwa amevaa koti. Nilidhani ni mzaha wa mwisho, kwamba dirishani angelivua na kulirusha kwa mjomba. Hakulivua. Basi liliondoka, mjomba akabaki kando ya barabara na shati lake.

Nilipoingia nyumbani kwa mama kukusanya vilivyobaki, nilikuta kitandani gauni jipya, viatu vipya, kofia ya jua na termosi, vyote kama vilivyotoka dukani, vimepangwa vizuri. Vya watu havikuwepo. Kikwembe, viatu vya mjane, mwavuli, termosi ya Mrundi, vyote vimeingia ndani ya valizi na vimepanda ndege.

Mwili uliniwaka moto. Mama yangu amevuka bahari na mali za majirani, na mimi ndiye niliyebaki kutazamwa nazo! Nilijua watakavyosema. Basi nikaamua kwamba hawatasema. Nilikwenda Mbarara, nikanunua mwavuli bora kuliko ule wa mchungaji, na koti la sufu jipya, lenye bitana ya hariri, la kutosha bega la mjomba. Na kwa mchapishaji mmoja nikatengenezesha kalenda, miezi yote kumi na miwili chini, na juu ile picha: mama, koti, pundamilia. Kalenda hiyo nilimtengenezea mjomba. Nilitaka aitazame mpaka ashibe.

Siku vyote vilipokuwa tayari niliamkia kambi ya jeshi, nikamrudishia mwanajeshi jeri yake na friji nikaitengeneza bila malipo. "Deni ilikuwa jeri tu, fundi!" alisema, akacheka. Kisha nikaenda Nakivale nyumba kwa nyumba. Mama mwimbishaji nikampa gauni. Mrundi nikampa termosi. Mchungaji akapata mwavuli, mke wake kofia. Nilitegemea kelele, vigelegele, angalau pambio. Walipokea kwa mikono miwili tu. Mjane alivishika viatu vipya muda mrefu bila kuvijaribu.

"Ni mama alikutuma?" akauliza.

"Mama hakunituma. Nimeamua mwenyewe. Sipendi deni."

"Haya," akasema. "Kama ni weye unasema."

Nikaona wameshindwa na ukubwa wa jambo. Nikafika kwa mjomba nikiwa nimenyoosha mgongo.

Alikuwa ameketi ndani, chini ya kalenda yake ya zamani. Nikakunjua yangu mbele yake. "Ulisema tutamwona kwenye kalenda. Kalenda ndiyo hii." Aliitazama kwa muda mrefu. Akapanda kwenye kiti, akaitundika juu ya ile nyingine, akainyoosha pembe. Akashuka.

Nikamwekea koti magotini.

"Hii ni nini?"

"Koti lako. Jipya, bora kuliko lile. Kila mtu nimemlipa, wewe ndiye wa mwisho."

"Kila mutu?" Akanyanyua uso. "Mwimbishaji? Mama wa termosi? Mujane?"

"Wote. Leo hakuna mtu hapa anayemdai mama yangu."

Mjomba alilikunja lile koti, mkono juu ya mkono, akanirudishia.

"Mujomba, ulisoma mingi, lakini kwetu hukukaa sana. Mutu anaenda mbali, anaazima, ili akuwe na kitu ya kurudisha. Hata akikawia. Mama yako alipita kila nyumba, akaacha mulango ya kurudi. Sasa umezunguka nyuma yake, umefunga yote." Akalisukuma koti kifuani pangu. "Hii moja huifunge. Koti yangu ataileta yeye."

Hasira ilinipanda kama siku ile langoni. Nilipaza sauti. "Mwanamke mzee yule, mjomba! Ng'ambo! Watu wa kule hawarudi. Hatarudi, unanisikia? Hatarudi!"

Mjomba hakupandisha sauti. Alinyoosha kidole ukutani, kwa mkono uleule wa miaka ile.

"Na miye nilisema punda ya mistari mutamuona kwa kalendari tu. Nilisema mbele ya batu. Nikakosea." Akaketi. "Na weye ukosee."

Nilitoka nje na koti mkononi. Jua lilikuwa kali. Nililivaa mpaka garini.